Nataka kufanyiwa upasuaji wa pua, maswali yamenijaa kichwani. Mliopitia nisaidieni

Tausi_Kimya

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji tu kwa miaka, nasoma napita kimya kimya. Leo nimekwama, ndiyo maana nimeanzisha uzi.

Nina miaka 27. Pua yangu nimeirithi kwa baba: ina kinundu katikati ya mgongo, ncha imelala, halafu mianzi imetanuka. Shuleni niliitwa majina yote mnayoyajua. Siku hizi hakuna anayenitania, nisiwe mwongo, ni mimi mwenyewe. Kamera ikitokea tu nageuza uso upande wa kulia. Nimezoea hadi shingo inajigeuza yenyewe.

Nimedunduliza hela miaka 3. Mwezi uliopita nikaonana na daktari mmoja. Alinipa kama dakika kumi, akanitengenezea kwenye kompyuta pua nyembamba ya kupendeza, akaniambia nichague tarehe. Nilifika nyumbani ndipo nikagundua sijauliza hata swali moja la maana.

Inauma kiasi gani? Ni nusu kaputi au ganzi tu? Nitakaa ndani siku ngapi kabla ya kurudi kazini (kazi yangu ni ya mezani)? Kovu je? Mimi ni mweusi, na begani nina kovu la chanjo lililovimba hadi leo. Na nisipoipenda, inarekebishika?

Wa "mshukuru Mungu kwa alichokupa" nawaheshimu, ila mama ameshanipa dozi hiyo ya kutosha.

Kichwa_Ngumu

Nipe mimi hizo hela, nitaisifia hiyo pua asubuhi na jioni hadi uichoke.

Sina_Haraka

Achana na huyo hapo juu. Mimi nimefanya, huu ni mwezi wa 16. Nitakusimulia yale ambayo daktari wangu aliyapitia juu juu.

Maumivu yenyewe hayakunitisha, dawa za kawaida zilitosha. Kilichonitesa ni kuziba. Unapumua kwa mdomo usiku kucha, midomo inakauka inapasuka, na unalala umeegemea mito mitatu kwa sababu ukilala chali uso unavimba zaidi. Siku ya tatu nilijiangalia kwenye kioo nikafanana na bondia aliyepoteza pambano, macho yamevilia pande zote mbili. Hiyo michubuko iliondoka ndani ya wiki mbili hivi. Kazini nilirudi siku ya kumi, na bado watu waliniuliza nimegongwa na nini.

Sasa sikia hii. Siku ya saba nilikwenda kutolewa gango, kile kifuniko kigumu kinachoishikilia pua isisogee. Daktari akalowanisha plasta, akaibandua taratibu kuanzia juu, akaingiza pamba ya kijiti puani kutoa mabonge ya damu iliyoganda. Kisha akanipa kioo. Dada, nililia. Ncha ilikuwa imetuna kama imeumwa na nyuki na imenyanyuka juu, matundu yanaonekana wazi. Nikawaza, nimejiharibu. Yeye akacheka, akasema, "Hiyo bado siyo pua yako." Na kweli haikuwa. Mwezi wa tatu nilianza kuitambua. Mwezi wa kumi na mbili ndipo nilipoacha kuichungulia. Ncha ndiyo inayochelewa kuliko sehemu zote, na mwenye ngozi nene husubiri zaidi.

Kama huna subira ya mwaka mzima, usianze.

Nesi_wa_Zamu

Nipo chumba cha upasuaji miaka mingi, nijibu yaliyobaki.

Nyingi hufanywa kwa nusu kaputi, hasa pale ambapo mfupa utaguswa. Marekebisho madogo ya ncha au mianzi yanaweza kufanyika kwa ganzi pamoja na dawa ya kukutuliza. Muda ni kati ya saa moja na nusu na saa tatu, ikiwa ngumu inazidi. Wengi huondoka siku hiyo hiyo, mradi pawepo mtu wa kuwapeleka na kulala nao.

Aspirini, ibuprofeni na vidonge vya lishe kama vya kitunguu saumu au vitamini E huongeza kuvuja damu, kwa hiyo huachwa wiki moja hadi mbili kabla. Ila kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kichwa kichwa, aamue daktari. Sigara ndiyo ugomvi wangu na wagonjwa. Nikotini inabana mishipa midogo, ngozi inakosa damu, kidonda hakiponi. Uache wiki kadhaa kabla na baada, na usimfiche mtu wa nusu kaputi.

Kuhusu kovu, kuna njia mbili. Moja mikato yote iko ndani ya pua, huoni kitu. Nyingine, ya wazi, inaongeza mkato mdogo kwenye kile kinguzo cha ngozi kati ya matundu mawili, ili daktari ainue ngozi na kuona anachofanya. Ukipona vizuri mkato ule hauonekani mpaka mtu akuchungulie kwa chini. Mianzi ikipunguzwa, mkato hukaa kwenye mkunjo ambapo pua inakutana na shavu. Keloidi, yaani makovu yanayovimba kama la bega lako, hupenda zaidi kifua, mabega na masikio, puani ni nadra. Hata hivyo bega lako mwonyeshe daktari, usimsimulie kwa maneno.

Ukisharudi nyumbani: homa, damu isiyokoma, au pua kuuma sana huku inazidi kuziba, usingoje asubuhi. Damu ikijikusanya kwenye ukuta wa kati, gegedu, ule mfupa laini wa pua, inaweza kufa na pua ikabonyea.

Kibibi_Mjuzi

Mbona mnamtisha mtoto wa watu? Kuna fila siku hizi, dawa ya kujaza chini ya ngozi. Sindano, robo saa, unaondoka na pua mpya bila kisu.

Nesi_wa_Zamu

Kibibi, fila inaongeza, haipunguzi. Inaweza kuficha kinundu kwa kujaza juu na chini yake, mgongo ukaonekana umenyooka, lakini mianzi haipungui hata kidogo. Baada ya miezi kadhaa huyeyuka, unarudi kuchoma tena. Na pua ni moja ya sehemu za hatari kuchoma: ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inakufa, na imewahi kupofusha watu. Ni nadra, lakini jicho likishakwenda limekwenda. Usimpe pua yako mtu wa saluni.

Mzee_Kobe

Binti yangu, hakuna aliyekuuliza kama unapumua vizuri. Ziba tundu moja, vuta hewa kwa jingine, kisha badilisha. Upande mmoja ukiwa mzito, sema mapema, maana ukuta wa kati uliopinda unaweza kunyooshwa humo humo siku hiyo. Mimi nilipunguzwa pua ujanani kwa ajili ya sura tu. Ikatoka nzuri, ila kila nikivuta hewa kwa nguvu kuta zinajibana kwa ndani. Miaka imepita, bado nalala mdomo wazi.

Kwa hiyo usikubali kirahisi neno "nyembamba". Muulize daktari kitakachoshikilia kuta hizo. Muulize ameshafanya pua ngapi zinazofanana na yako, ngozi nene na ncha pana, siyo pua za majarida. Akuonyeshe picha zao baada ya mwaka, za mbele na za ubavuni. Ile ya kompyuta ni ya kuelewana tu, siyo mkataba.

Kurekebishwa inawezekana. Takwimu zinazotajwa sana ni watu 5 hadi 15 kwa kila 100 wanaorudi mezani. Ila husubiriwa kama mwaka kwanza, na safari ya pili ni ngumu kwa sababu ndani pamejaa makovu na gegedu imepungua, wanaweza kulazimika kukata ya sikio au ya ubavu. Gharama ya marudio atalipa nani? Uliza kabla hujasaini.

Fundi_Lenzi

Mimi napiga picha tu, udaktari siujui. Unajitazama kwa selfi? Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakakuta picha ya umbali wa sentimita 30 inaipanua pua kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na ya mita 1.5. Lenzi ikiwa karibu, kilichotangulia mbele kinakuwa kikubwa. Mwambie mtu asimame mbali, avute kwa zumu, ndipo ujihukumu.

Tausi_Kimya

Nimerudi. Ushauri wa Fundi nimeufanyia kazi, mdogo wangu amesimama upande wa pili wa sebule akanipiga. Kinundu kipo pale pale, hakijasogea. Lakini mianzi, wakuu... nimeiangalia picha hiyo nusu saa. Ni mianzi ya kawaida. Ni ya baba, na kwake sijawahi kuiona mibaya.

Pia nimeziba tundu moja moja kama alivyosema Mzee. La kushoto linapiga mluzi.

Nimetafuta daktari wa pili, wa pua na koo. Nitamwambia kinundu na ncha, mianzi aiache. Bega nitamwonyesha. Tarehe ya yule wa kwanza nimeifuta.

Swali la mwisho: navaa miwani. Inakaaje?

Sina_Haraka

Gango likiwapo inaweza kukaa juu yake. Likitoka tu, isiguse mgongo wa pua wiki nne hadi sita, mfupa bado ni laini. Mimi niliifunga kwa teipu kwenye paji la uso. Ofisini walinicheka wiki nzima, kisha wakazoea. Nunua teipu ya karatasi, ile ya plastiki inang'oa nyusi.