Fundi ametoa themostati kwenye gari langu: nirudishe au niache?

Mwana Mafinga
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaua injini.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Morogoro kurudi nyumbani. Katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya lori, geji ya joto ikapanda mpaka kwenye nyekundu. Nikapaki, ikapoa, nikaongeza maji, nikafika kwa kuvizia. Kesho yake fundi akatoa themostati, akasema kifaa hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu kinachemsha gari tu. Tangu siku hiyo geji haifiki hata nusu, ila mafuta yanakwisha haraka: lita 1 ilinipeleka kilomita 14, sasa hata 11 sifiki. Na baridi ya Mafinga mnaijua. Hita inapuliza upepo wa baridi mpaka nafikisha watoto shule.

Dereva wa Masafa
Yangu ilitolewa miaka minne iliyopita, haijawahi kuchemsha. Achana nayo mkuu.

Fundi Mstaafu
Rudisha, ndugu yangu. Hilo neno la "nchi za baridi" linaniuma, nimefungua injini nyingi zilizokufa kwa ajili yake.

Themostati ni mlango. Ndani ina kikopo cha shaba chenye nta. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka humohumo ndani ili ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi (magari mengi ya Kijapani utakuta namba hiyo imegongwa juu yake), nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kipini, mlango unafunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Yakipoa, springi inaufunga. Injini inataka joto lilelile, iwe Makete au Tanga.

Sasa umeitoa, maji yanapita rejeta tangu unapowasha. Kompyuta inaona injini bado haijapata moto, inazidi kumwaga petroli. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Fungua mfuniko wa oili utazame chini yake. Ukikuta utando kama maziwa, huenda ni unyevu ambao injini haikupata moto wa kuukausha. Ila kwa kuwa ilichemsha, pima na gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili.

Dereva, kuna injini ambazo themostati ndiyo pia inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka bila kupita rejeta, na mlimani inachemsha zaidi ya mwanzo. Usimshauri mwenzio kwa gari lako.

Na kilichochemsha Kitonga bado hakijatafutwa! Rejeta, feni, mfuniko wa rejeta, wota pampu. Unaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, au maji ya kawaida?

Dada wa Umeme
Mimi ni wa pasi na friji, lakini kazi ni ileile. Kwenye pasi hakuna nta, kuna vibapa viwili vya madini tofauti vilivyobanwa pamoja. Vikipata moto, kimoja kinatanuka kuliko kingine, vinapinda, umeme unakatika. Ule mlio wa "tik" ndio huo. Vikipoa vinanyooka, umeme unarudi. Vikigandia ndipo pasi inaunguza shati. Kaka, yako inaweza kuwa iligandia ikiwa imefungwa. Kama unayo, itundike kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, injika jikoni. Huko juu kwenu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, lakini 82 yatazipita.

Mwana Mafinga
Narudi na mrejesho, asanteni sana. Ile ya zamani ilikuwa kwenye droo. Nimeitundika kwa uzi, maji yamechemka mpaka yakamwagika, haikusogea. Mpya ilianza kufunguka maji hayajachemka bado, na mwanangu wa darasa la tano aliiona kabla yangu.

Rejeta imetoa tope la kutu. Fundi Mstaafu, miaka yote nilikuwa naijaza maji ya kisima. Imesafishwa, kulanti imewekwa. Leo asubuhi mpira wa juu wa rejeta ulikaa baridi dakika kadhaa, halafu ukapata moto ghafla. Geji imesimama katikati, hita inapuliza moto. Imebaki gasketi, naipima Jumamosi, kabla ya hapo Kitonga sishuki.

Fundi Mstaafu
Vizuri sana. Hakikisha kale katundu kenye kipini kanakochezacheza kwenye themostati kamekaa upande wa juu, hewa itokee hapo.