Visram alikosaje ujaji mkuu wa Kenya 2011? Alikuwa na kashfa ama ni siasa tu?

kijana_wa_Mwanjelwa
Wakuu za saa hizi. Niko Mbeya huku, jana kijiweni tulibishana mambo ya majaji mpaka chai ikapoa, jamaa mmoja akasema Kenya rais aliwahi kutangaza Jaji Mkuu na uteuzi ukafa kabla mtu hajaapa, mwingine akamwambia acha uongo, rais ni rais. Nimeperuzi nikakuta jina la Jaji Alnashir Visram, 2011, enzi za Kibaki, ila kila nikisoma nakutana na mara Raila mara Bunge mara korti. Huyu mzee alikuwa na kashfa au vipi? Manake huku kwetu ibara ya 118 rais anateua Jaji Mkuu, unasikia kwenye taarifa ya habari, anaapa, imeisha hiyo, Bunge halina kauli. Wakenya mnaokumbuka nifungueni macho, na naomba msianze kutukanana vyama.

Mzee_wa_Ngara
Karibu jirani. Kashfa hakuna. Visram alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa na sikumbuki mtu akisema hatoshi kile kiti, watu walipigania namna alivyoletwa.

Kumbuka hii ilikuwa serikali ya nusu mkate, Kibaki rais, Raila waziri mkuu, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007. Katiba mpya imezinduliwa 27 Agosti 2010, na ndani yake kuna kifungu cha mpito kinasema Jaji Mkuu aliyepo, Evan Gicheru, atoke ndani ya miezi sita, yaani mwisho 27 Februari 2011. Sasa Gicheru ndiye alimwapisha Kibaki pale Ikulu 30 Desemba 2007 jioni jioni giza likiingia, na watu wa ODM, chama cha Raila, hawakuwahi kusahau hio jioni. Walipoambiwa endeni kortini walijibu korti gani, hizo zenu? Kwa hivyo kiti cha Jaji Mkuu 2011 hakikuwa kazi ya sheria peke yake, kila upande ulikuwa unaangalia uchaguzi unaokuja, nani ataapisha, na nani atakaa Mahakama ya Juu kusikiza kesi ya urais.

Basi Ijumaa 28 Januari 2011 Kibaki anatoa majina manne kwa mpigo, Visram Jaji Mkuu, Githu Muigai Mwanasheria Mkuu, Kioko Kilukumi mkuu wa mashtaka ya umma, William Kirwa msimamizi wa bajeti. Raila akaruka juu juu. Kifungu cha mpito kilisema rais anateua Jaji Mkuu kwa kuzingatia mkataba wa maridhiano, baada ya kushauriana na waziri mkuu, halafu Bunge liidhinishe. Vita yote ikawa ni ya hilo neno kushauriana. Upande wa Kibaki, tulikutana tukaongea, si ndio kushauriana? Upande wa Raila, kukutana tulikutana lakini hatukukubaliana kitu. Mimi huwa nasema ni kama bibi akuulize leo tupike nini, wewe useme samaki, jioni uletewe maharagwe. Umeshauriwa, hakuna ubishi, lakini unakula maharagwe.

Na kile watu husahau ni Hague, korti ya kimataifa ya ICC. Ocampo, mwendesha mashtaka wa huko, alikuwa ametaja washukiwa sita wa ghasia zile 15 Desemba 2010, mwezi na nusu tu kabla ya haya majina, na upande wa Kibaki ulikuwa mbioni kutaka kesi ziahirishwe ama zirudi nyumbani, makamu wa rais Kalonzo anazunguka Afrika kuomba uungwaji mkono. Ukitaka dunia ikuamini kwamba unaweza kuwashtaki watu wako mwenyewe si lazima uonyeshe korti mpya na mwendesha mashtaka mpya? Haraka yote ile mimi naisoma hapo. Hakuna aliyeiandika kwenye barua lakini hebu tazama ni viti gani vilijazwa kwanza.

BintiKisauni
Mzee wa Ngara umesema vizuri lakini umeruka wanawake, kama kawaida yenu. Majina manne, wanaume wanne! Katiba ina miezi mitano tu tangu izinduliwe, wino haujakauka, na inasema wazi kuhusu usawa wa jinsia. CREAW, shirika la haki za wanawake, na wenzao saba wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, ni petisheni nambari 16 ya 2011, na tarehe 3 Februari Jaji Daniel Musinga akatoa amri kwamba ule uteuzi kwa kuutazama tu unaonekana umekiuka katiba, na ni makosa afisa yeyote wa serikali kuendelea nao. Jaji wa Mahakama Kuu anamsimamisha rais kuhusu nani atakuwa bosi wake mwenyewe. Mimi nilikuwa Mombasa kazini, redio imewashwa, tukatazamana hivi, kwani hii inawezekana?

Na JSC, tume ya huduma za mahakama, pia ilisema haikuhusishwa. Katiba yenyewe, ukitoa ule mlango wa mpito, inasema Jaji Mkuu anatoka kwa mapendekezo ya JSC. Watu wa Ikulu wakashikilia ule mlango wa mpito kwa mikono miwili.

jirani_mkorofi
Sawa sawa lakini tusimfanye Raila malaika hapa. Kama ile listi ingekuwa na watu wake wawili mnadhani tungesikia wimbo wa katiba? Nusu mkate ilikuwa ni kugawana, na aliyekosa kipande ndiye hukumbuka ibara. Nawaambia kilichoua ile kitu ni hesabu ya Bunge. Wakati huo Ruto na watu wake walikuwa ndani ya ODM kwa jina tu, wakiamka asubuhi wako na kina Uhuru na Kalonzo. Ingeenda kwa kura huenda upande wa Kibaki ungepita. Hata komiti ya sheria yenyewe ilikuwa imegawanyika katikati. Ndio maana kila mtu alikuwa anamwangalia Spika wa Bunge, Marende.

Na Spika Marende, yule aliyewahi 2009 kuamua kesi ya Kalonzo na Raila ya nani awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni kwa kukalia kiti cha ile komiti yeye mwenyewe (hio sijawahi kuichoka), tarehe 17 Februari akasema haya majina yamekuja kinyume na katiba, kwisha, hakuna kura. Siku tano baadaye, 22 Februari, Kibaki akayaondoa. Wakakuwa wamebakisha siku tano Gicheru atoke.

kijana_wa_Mwanjelwa
Duh. Kwa hiyo spika ndo aliizima. Sasa Visram aliishia wapi, na kiti akapewa nani?

Mzee_wa_Ngara
Visram alibaki jaji wa rufaa, kazi yake ikaendelea miaka mingi. Mimi humwonea huruma, jina lake liliburutwa wiki tatu na hakuna aliyekuwa anamzungumzia yeye.

JSC ikatangaza nafasi kama kazi nyingine yoyote, watu wakaomba, wakahojiwa peupe kwenye televisheni, sisi tunatazama kama mechi. Akatoka Willy Mutunga, mwanaharakati, hajawahi kuwa jaji hata siku moja, na kipini sikioni. Nchi nzima ikasahau sheria ikajadili kipini. Akaapishwa Juni 2011 pamoja na naibu wake Nancy Baraza. Na Githu Muigai, yule yule, akarudi kwa njia ya kawaida na akawa Mwanasheria Mkuu Agosti hio hio.

jirani_mkorofi
Malizia basi. Machi 2013 Raila anaenda Mahakama ya Juu kupinga ushindi wa Uhuru, mbele ya nani? Mutunga. Tarehe 30 wakamtupa nje, majaji wote kwa sauti moja. Jaji Mkuu aliyepatikana kwa njia ile ile alioipigania.

BintiKisauni
Na 2017 Jaji Mkuu Maraga, aliyepitia JSC hio hio, akafuta ushindi wa Uhuru. Kwa hivyo usituletee hesabu za nani alifaidi. Lakini Uhuru naye hakusahau, JSC ilimpelekea majina 41 ya majaji 2019 akayakalia karibu miaka miwili, Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita (mmoja alikuwa ameshafariki), kati yao Joel Ngugi na George Odunga ambao wiki tatu tu nyuma walikuwa kwenye benchi iliyoizima BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha katiba. Wale sita wakaapishwa na Ruto Septemba 2022, siku moja baada ya yeye mwenyewe kuapa.

kijana_wa_Mwanjelwa
Asanteni sana wakuu, hiyo ya majaji sita nitarudi kuiuliza siku nyingine maana naona hapo nako hapajapoa. Naenda kijiweni, kuna mtu alisema rais ni rais, leo chai analipa yeye na maandazi juu.