Ada ya ufundi 60,000, chumba 150,000: pesa ya kujikimu kwa wanaosoma ufundi stadi iko wapi?

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta, matusi yalizidi hoja. Huu ni wa tatu.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Matokeo ya kidato cha nne hayakumpeleka cha tano, lakini mikono anayo. Toka yuko darasa la sita ndiye aliyekuwa anaziba pancha na kunyoosha rimu za baiskeli za kijiji kizima. Akaomba uchomeleaji na uungaji vyuma kwenye chuo kimoja cha serikali cha ufundi stadi, akachaguliwa. Chuo sikitaji, na walimu wa pale sina ugomvi nao. Ada ya kutwa kwa mwaka ni 60,000. Mama akapiga vigelegele pale uani Singida: Mungu atupe nini tena, gunia la chawa?

Halafu ikaja fomu ya kujiunga.

Siku ile nilikuwa nyumbani, mimi ndiye niliyemsomea mama kurasa zile kwa tochi ya simu. Ovaroli mbili. Buti zenye chuma mbele. Glovu za ngozi. Miwani ya kuchomelea. Tepu ya kupimia, nyundo, msumeno wa chuma. Rimu ya karatasi. Godoro, ndoo, ufagio, jembe (jembe, kwa mchomeleaji!). Kila nikitaja kitu mama anakunja kidole, vidole vikaisha niko bado ukurasa wa kwanza. Akaniambia, "Baba, hebu rudia hapo kwenye buti. Ni lazima ziwe na chuma?"

Magunia matatu ya alizeti yaliyokuwa yanangoja bei yakauzwa wiki ile ile, kwa bei aliyotaka mnunuzi.

Na hapo mtu hajapata pa kulala. Chuo kiko zaidi ya kilomita 90 kutoka nyumbani, bweni limejaa, kwa hiyo "kutwa" maana yake ni geto. Chumba kimoja kisicho na dari, choo cha nje cha wapangaji wote, 25,000 kwa mwezi, na wenye nyumba wetu mnawajua: miezi sita mbele au katafute kwingine. Jumla 150,000. Chumba cha nusu mwaka ni mara mbili na nusu ya ada ya mwaka mzima. Hajanunua mkaa bado, hajala, hajachangia vijiti vya kuchomelea, maana vikiisha karakana mafunzo ya vitendo yanageuka mafunzo ya kutazama.

Sasa njooni kwangu. Mimi nilienda chuo kikuu. Tumbo moja, nyumba moja, mama yule yule. Nilipata mkopo: ada, vitabu, na bumu la chakula na malazi, enzi zetu 8,500 kwa siku. Tangu 2022/23 wadogo zetu wanapata 10,000. Deni lile nalilipa mpaka leo, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla sijauona, na kwa hilo silii, nilikopa nikala. Kinachoniuma ni hesabu hii: bumu la siku sita la mwanachuo mmoja ndiyo ada ya mwaka mzima ya mdogo wangu. Siku sita! Na yeye pesa ya kujikimu hana hata thumuni, wala si kwamba aliomba akakosa. Dirisha la kuombea ndilo halipo.

Najua kuna watakaokuja na "mbona mikopo ya vyuo vya kati ipo". Ipo. Kuanzia 2023/24 watu wa stashahada wameingizwa, kwa fani za kuchagua: afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Sibezi. Bajeti ya mwaka huo huo ikafuta ada kwa wanaochaguliwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Chuo cha Ufundi Arusha. Nayo sibezi. Ila angalieni mlango ulipoishia: stashahada. Aliye ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu ya ufundi stadi, yule atakayechomelea geti lako, atakayekuwekea umeme na kukupigia vigae, yuko nje ya uzio. Sheria yenyewe ya 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo inasema wanafunzi wa elimu ya juu. Fundi apenyee wapi?

Na msiniambie hela hakuna. Huku Bara kuna tozo inaitwa ya kuendeleza ujuzi, SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea anailipa kila mwezi, asilimia fulani ya mishahara, iliyoshushwa Julai 2023 kutoka 4 hadi 3.5. Jina linasema ujuzi. Mgawanyo wake wa miaka mingi ni theluthi moja kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, theluthi mbili Mfuko Mkuu wa Serikali, na waajiri wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba fungu lile kubwa linakwenda kugharamia elimu ya juu. Yaani huenda pesa iliyokusanywa kwa jina la mdogo wangu ndiyo iliyonilisha mimi chuoni. Nikiliwaza hili usingizi unakata.

Majengo ndiyo tunajenga. Vyuo 64 vipya vya ufundi, 63 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Vikikamilika vitawapunguzia wengine habari ya geto, hilo nakubali. Picha za mabati mapya zinapendeza kweli. Mwanafunzi atakula bati?

Nilienda ofisi moja ya halmashauri. Afisa kijana, mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mwambie aunde kikundi. Kwenye mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri vijana wana nne yao." Nikamuuliza kikundi cha kufanya nini. Akasema mradi. Nikamwambia mradi wenyewe ndiyo kujifunza. Akacheka, nikacheka, nikaondoka zangu.

Mama naye, kimya kimya, akaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Nilijua siku walipokuja kubeba cherehani.

Mwezi wa nne dogo akaacha. Hakuniambia. Nilimpigia saa nne asubuhi, saa ya karakana, nikasikia upepo na mlio wa pikipiki. "Kaka, niko na abiria, nitakupigia." Yuko kwenye bodaboda ya mkataba, mji ule ule wa chuo. Hesabu ya mwenye pikipiki ni 10,000 kila siku, mvua jua. Elfu kumi ile ile, wakuu. Angekuwa chuo kikuu angepewa kila siku. Huyu anaitoa.

Kabla hamjaniuliza kaka mtu nilikuwa wapi: nilikuwa namtumia 50,000 kwa mwezi. Baada ya makato, kodi na maziwa ya mtoto ndiyo iliyokuwa inabaki.

Wala sitaki cha bure. Apewe mkopo kama mimi, akianza kazi alipe. Watasema fundi wa mtaani hana mwajiri, atakatwa vipi. Ana namba ya NIDA, ana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Mwenye pikipiki hajui hata jina la ukoo la mdogo wangu, na kila jioni hesabu yake anaipata.

Kama kuna mwenye ndugu aliyewahi kupata pesa ya kujikimu akiwa ngazi ya pili ya ufundi stadi, aje aseme aliingilia mlango upi, kwa sababu chuo kimetuambia Januari dogo anaweza kurudi. Ovaroli moja bado ipo. Nyingine mama anapalilia nayo.