ETI "HERENI ZA MABIBI"! YULE WA MIJADALA YA JUMAMOSI KANIZIMIA MAIKI

Binti_Sonara:
Wakuu naandika mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia. Simtaji jina, mnamjua wenyewe, yule muongozaji wa mjadala wetu, wa "sisi tuliosoma", kila Jumamosi anaongea yeye masaa matatu sisi tunagawana dakika. Leo mada ilikuwa wafalme wa Ulaya walivyopata hela za vita karne ya 17. Nikasema leo ndio leo, hapa ndipo kwangu, nimekulia chini ya meza ya sonara na haya mambo nimeyasoma miaka. Nimenyoosha mkono tangu saa mbili, maiki nimepewa saa tano kasoro, chai imekuwa barafu, jogoo wa jirani anajikohoza awike.

Nikaanza na Henrietta Maria, mke wa Charles I wa Uingereza, alivyobeba vito 1642 kwenda Uholanzi kutafuta silaha za mumewe kupigana na Bunge. Sijafika hata Uholanzi! Jamaa kacheka, kile kicheko chake cha puani, akasema "dada hapa tunaongea uchumi, hizo hereni za mabibi peleka kikundi cha urembo". Halafu kanizimia. Mbele ya watu mia mbili.

Hereni za mabibi!! Mwanamke kafika The Hague, huko huko Uholanzi, na vito vya taji yaani vya ufalme, wafanyabiashara wakaanza kusitasita maana Bunge linasema hiyo ni mali ya taji sio yake ya kuuza, kakomaa nao karibu mwaka mzima, vingine kauza vingine kaweka rehani, 1643 karudi Uingereza na shehena ya silaha. Sasa hizo ni hereni au ni baruti? Na kile kicheko jamani. Puani.

mzee_wa_kona:
Pole dada. Mimi alinizimia nikiwa bado kwenye shikamoo.

Kisamvu_Moto:
Uzi mrefu hauna hata picha. Mada hela za vita wewe unaleta almasi za mke wa mtu, jamaa yuko sawa tu, kanywe maji ulale

Binti_Sonara:
Kisamvu hujasoma, HIYO NDIYO HELA YA VITA. Dhahabu ya thamani ile ungeibeba na punda, almasi unaishonea kwenye nguo unavuka nayo mpaka. Chukua ile almasi inaitwa Sancy, karati (kipimo cha uzito wa vito) 55 na ushei, James I, baba yake Charles, kainunua 1604 kwa Mfaransa, baadaye huyu huyu Henrietta Maria yuko uhamishoni Ufaransa hana kitu, kaiweka rehani kwa mtawala wa Épernon, mkubwa mmoja wa Ufaransa, deni likamshinda, 1657 ikaangukia kwa Kadinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa, na Mazarin alipokufa 1661 kamwachia mfalme Louis XIV almasi 18 na hiyo ikiwemo. Jiwe limetoka Ufaransa likaenda London likarudi Ufaransa kwa njia ya deni! Yote haya yalikuwa mdomoni tayari, mtu ananiambia kikundi cha urembo.

goli_la_mkono:
Huyo Mazarin anacheza namba ngapi

mwanafunzi_mkongwe:
Binti niko na wewe. Hata kwenye posa vito vilitangulia, 1623 Charles kabla hajawa mfalme alikwenda Madrid kuposa binti wa kifalme wa Hispania, baba yake akatuma mzigo wa vito likiwemo pambo la Ndugu Watatu, lile ambalo Waswisi walimteka nalo mtawala wa Burgundy, dola ya zamani pale Ufaransa, kwenye vita vya Grandson 1476. Posa yenyewe ikafa. Niliandika haya kwenye insha, mwalimu akanichora kwa kalamu nyekundu NJE YA MADA, alama 4 kwa 20. Mpaka leo nikimuona sokoni nabadilisha njia.

Binti_Sonara:
Ahsante mkuu!! Umeona? Nje ya mada, hereni za mabibi, lugha moja hiyo.

safari_njema:
Bora nyie. Mimi nimejichanga miaka miwili nifike Vienna nikaone kile chombo cha zumaridi la Kolombia, karati 2,680, Dionysio Miseroni kakichonga Prague 1641, zumaridi moja zima limechimbuliwa likawa chombo! Kiongozi wa msafara wetu katupa dakika tano, eti basi linaondoka. Kisha basi likasimama saa nzima kwenye duka la soksi la shemeji yake.

mzee_wa_kona:
Duka la soksi 😂😂 hao viongozi wa msafara wote lao moja, sisi tulipelekwa la mazulia

Mama_Pete:
Samahani, mwenye uzi si umesema umekulia kwa sonara? Naomba unijibu, kwa nini masonara wenu wanachanganya shaba? Pete yangu ya ndoa imeacha mduara wa kijani kwenye kidole, sonara ananiambia eti jasho langu lina chumvi nyingi.

Kisamvu_Moto:
Mama umepigwa. Hebu weka picha ya hicho kidole

goli_la_mkono:
Wangu aliniambia ni sabuni

Binti_Sonara:
Shaba kidogo lazima iwepo, dhahabu tupu ni laini inapinda. Ila turudi kwenye mada, yule jamaa

Mama_Pete:
Kidogo ndio kiasi gani? Maana hii yangu naona dhahabu ndiyo kidogo.

safari_njema:
Mama ni sonara wa mtaa gani huyo, mkufu wa mke wangu uko kwa sonara mwezi wa tatu sasa, kila nikienda anasema njoo Alhamisi