Kazima maelezo yote ya nano, halafu ananiuliza "Kwani hujui kusoma?"

Ngege_Mkavu (Kisumu): Naandika bado natetemeka. Simtaji. Watu wa Kondele mnamjua, ni yule asiyegusa mausi, eti mausi ni ya watoto.

Leo kanikalisha kwenye mashine yake nibadilishe namba moja tu kwenye faili ya seva. Namba moja! Nafungua nano, ile programu ya kuhariri faili, chini kutupu. Ile mistari miwili ya msaada, ya ^G na ^X (hiyo ^ ni Ctrl), ambayo hata nyanya yangu wa Ahero angeifuata bila miwani, kaizima kwa `set nohelp`. Sawa, kutoka si ni Ctrl+X? Nabonyeza, mstari unapotea. Nabonyeza tena, mwingine nao huo. Kumbe Ctrl+X yake ni ya kukata! Nimefyeka nusu ya faili nikitafuta mlango. Naomba msaada kwa Ctrl+G, naambiwa hakuna nilichokuwa nikitafuta.

Namwita. Anakuja na andazi mkononi, na mbele ya mteja, mbele ya soja, anasema: "Kwani hujui kusoma?"

Kusoma NINI? Skrini haina kitu! Andazi linatafunwa, mteja anacheka, soja anacheka, na soja huyo huyo jana nilimfungulia imeili mimi. Hujui kusoma! Kusoma nini, bwana?

Vumbi_la_Nakuru: Pole, lakini ungebonyeza Alt+X. Mistari inarudi, tena inaonyesha funguo alizoweka yeye, sio zile za kawaida. Ungeona kutoka ameweka wapi, pengine ^Q.

Ngege_Mkavu: Na hiyo Alt+X ningeisoma wapi? Kwenye andazi?

Ingokho_Mbili (Kakamega): Omera, ulitokaje mwishowe?

Ngege_Mkavu: Nilifunga dirisha lote la teminali, lile la kuandikia amri.

Ingokho_Mbili: 😂😂😂 Nano ikifungwa hivyo huacha nakala yenye .save mwishoni. Uharibifu wako wote umehifadhiwa pale, mstari kwa mstari. Kesho ataisoma. Yeye si anajua kusoma?

Ngege_Mkavu: Nenda zako.

Mpakani_Busia: Wenu ana nafuu. Wetu alinihamishia vim, programu nyingine ya kuhariri, akaniambia kuhifadhi ni Ctrl+S kama kwingine. Skrini ikaganda. Nikachomoa waya wa stima. Wiki nzima mimi ni kuchomoa stima, mpaka kijana wa atachi, wa mafunzo ya kazini, akaja akabonyeza Ctrl+Q mara moja, skrini ikaamka. Ni teminali ilikuwa imesimamishwa na ile Ctrl+S, vim haina makosa. Kijana hata hakuniangalia.

Vumbi_la_Nakuru: Hiyo ya kutokuangaliwa inauma kuliko ya andazi.

Ngege_Mkavu: Haiumi kuliko! Mteja ALICHEKA!

Mama_Tokeni: Nyinyi mnalia na funguo mnazoziona. Saiba ya hapa stendi kibodi imefutika herufi zote, na E haifanyi kazi kabisa. Nimetuma barua ya kuomba kazi imeanza "Mhshimiwa".

Ingokho_Mbili: Mhshimiwa 😂😂 walikujibu?

Mama_Tokeni: Walijibu. Yao ilianza "Mpndwa".

Mpakani_Busia: Nimemwaga chai.

Ngege_Mkavu: Jamani, turudi kwa huyu mtu. Kusoma NINI?

Ingokho_Mbili: Ngege, ngoja kidogo. Mama, hiyo saiba iko stendi gani?