Mtu kapanda juu ya boti yangu nikiwa ndani nimelala, eti "nilidhani imetelekezwa"

Tanga Moja (mleta uzi)
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, na si kwa mawimbi, maana leo bahari imetulia kama maji ya mtungini. Simtaji mtu. Sina haja. Mnamjua wote: yule mwenye kofia nyeupe ya unahodha yenye uzi wa dhahabu, ambaye boti yake ina spika nyingi kuliko maboya ya kujiokolea. Yule aliyewahi kuingia gatini kinyumenyume akaondoka na nguzo. Huyo huyo.

Mimi nimetia nanga tangu jana jioni, mahali pangu pa siku zote. Mchana nikawa nimejilaza ndani, usiku kucha nilikuwa nabembeleza pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya tumboni mwa boti. Nasikia gu! Boti yote inainama omo, huku mbele, kama imepandwa na ng'ombe. Halafu nyayo. Nyayo, wakuu, juu ya sitaha yangu, tena na viatu, kwenye rangi niliyopaka kwa mikono hii, tabaka la pili halijamaliza hata wiki. Natoa kichwa nje: mtu kachuchumaa mbele, kashika kamba nene kama paja langu, anafunga lile ghorofa lake la injini mbili kwenye kigingi changu. Kigingi CHANGU. Nyuma yake watu saba wamejipanga na vinywaji wananitazama.

Nikamwambia, "Bwana, vipi?"

Akanitazama juu hadi chini. Akautazama mlingoti. Akalitazama tanga. Kisha akasema kwa upole, upole ule wa mtu aliyeingia msibani: "Aa, samahani mzee. Nilidhani imetelekezwa."

Nilidhani imetelekezwa.

Angenitukana ningejua pa kumshika. Angesema ni mbovu ningenyamaza, kuna sehemu ni mbovu, siwezi kusema uongo. Lakini IMETELEKEZWA? Miezi mitatu nimelala chali chini ya hii boti ikiwa nchi kavu, nakwangua magamba hadi yananiingia puani. Nimepaka rangi ya shaba ya kuzuia magamba. Nimebadilisha zinki zote, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha boti. Nimeshona tanga kwa mkono usiku hadi shemeji yenu akaniuliza kama nina mwanamke mwingine, nikamwambia ndiyo, ana urefu wa futi 24.

Sasa sikilizeni lililonimaliza. Baada ya kusema nilidhani imetelekezwa, hakufungua. Alimalizia fundo kwanza! Akalivuta kuona kama limekaza. Akakipigapiga kigingi changu mgongoni kama mtu anayemsifu punda, akasema "tunarudi sasa hivi", wakashuka wote kwenye kiboti chao cha mpira wakaenda nchi kavu. Saa mbili zimepita. Ghorofa linaning'inia kwangu. Muziki hakuzima.

Sitaki ushauri. Nataka mniambie tu kwamba huyu mtu si mzima.

Gati Namba Tano
Naweka kambi hapa. Mkao wa kula.

Bi Shetri
Pole sana kaka yangu. Picha lakini? Uzi bila picha ni hadithi.

Tanga Moja
Simu ina asilimia 11 dada, na betri ya boti ndiyo ile ile iliyonikesha.

Mkuku Mzito
Hiyo boti naijua. Mkuu, bila kuegemea upande wowote, mwezi uliopita niliizunguka mara mbili natafuta pa kuandika namba za ndugu wa marehemu.

Gati Namba Tano
😂😂😂 nimemwaga chai kwenye ramani

Pima Kwanza
Tuache hisia. Hapo kina ni mita ngapi, na uliachia mnyororo kiasi gani?

Tanga Moja
Mita 4. Niliachia kama 15. Inahusu nini na mtu kunipandia na viatu?

Pima Kwanza
Inahusu. Kina hakihesabiwi toka usawa wa maji, kinahesabiwa toka pale mnyororo unapotokea kwenye omo. Mita 4, ongeza 1 ya kimo cha omo, ongeza maji yatakayojaa, tuseme 2. Jumla 7. Ukiwa na mnyororo mtupu unaachia mara 4 au 5 ya hiyo, yaani mita 28 hadi 35. Ukiwa na kamba ndiyo mara 7 kwenda mbele. Wewe na 15 zako maji yakijaa utabaki na mara mbili na kitu. Nanga hushika ikivutwa kwa kulala; ukiivuta kwenda juu unaing'oa kama muhogo. Na sasa hivi umebeba vyombo viwili.

Tanga Moja
Mimi nimedhalilishwa mbele ya watu saba, wewe unanipigia hesabu.

Pima Kwanza
Wanane. Na yeye mwenyewe.

Zinki
Swali dogo tu. Mpira mweusi wa nanga ulikuwa umepandisha? Mchana mpira mweusi mbele, usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote. Kanuni ya 30, zile za 1972 za kuzuia migongano baharini. Chombo kikiwa na mpira wake, mtu anajua kina mwenyewe.

Tanga Moja
Mpira ulipasuka. Halafu boti ndogo hazilazimiki, acheni kunitisha na kanuni.

Zinki
Hazilazimiki zilizo chini ya mita 7, tena zikiwa nje ya njia na nje ya mahali pa kutia nanga. Futi 24 ni mita 7 na sentimita 31.

Mkuku Mzito
Kata omo mkuu. Sentimita 32 tu unakuwa huru.

Bi Shetri
Jamani mwacheni. Mtu kapandiwa chomboni mwake bila hodi! Hata vyombo vikifungwa ubavu kwa ubavu, unaomba kwanza, unavua viatu, na ukipita unapita mbele, hupiti pale mwenzio anapokaa. Huyo bwana hana adabu na tunamjua. Mimi alinipitia ubavuni kwa kasi nikiwa juu ya mlingoti. JUU, kwenye kiti cha kamba, nabadilisha taa. Wimbi la mita moja chini, huko juu unarushwa kama nzi kwenye mkia wa farasi. Nikapiga kelele, akanipungia mkono.

Tanga Moja
Asante dada. Lakini wewe hakukwambia umetelekezwa.

Kitabu cha Safari
Kaka usivunjike moyo. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake, 1895 hadi 1898, chombo chake Spray alikikuta kimeoza kimeegeshwa shambani. Akakijenga upya kwa mkono wake. Kwa hiyo kutelekezwa si aibu.

Mkuku Mzito
Malizia hadithi yote. Baadaye akasafiri nacho hicho hicho, hakuonekana tena yeye wala chombo.

Kitabu cha Safari
Hiyo ilikuwa miaka kumi na zaidi baadaye!!

Tanga Moja
Sikusema imetelekezwa. YEYE ndiye aliyesema imetelekezwa. Mbona na nyinyi mmeanza?

Mzee wa Kalafati
Wanangu, wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa boti ya huyu kijana ninavyoijua, huko ngamani aende na kata ya kukumbia maji.

Gati Namba Tano
Mzee na wewe 😂

Injini Mbili
Naomba niseme kitu na msinipige mawe. Nyie watu wa matanga mna lawama sana. Juzi mwenzenu ananikatia mbele, tanga limelegea kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, injini inatoa moshi nyuma, ananipigia kelele "nina haki ya njia!" Haki gani? Ukiwasha injini ukaenda kwa injini, wewe ni boti ya injini, hata upandishe matanga manne.

Demani
Kanuni ya 18, chombo cha injini kinampisha anayekwenda kwa tanga. Imekwisha.

Injini Mbili
Umesoma mstari mmoja ukafunga kitabu. Akienda kwa vyote viwili anatakiwa atundike koni mbele, ncha ikitazama chini. Umewahi kuona mtu ametundika? Na ukimfikia mtu kwa nyuma ukataka kumpita, ni wewe unayempisha, uwe na tanga uwe na mabawa.

Demani
Koni ninayo.

Injini Mbili
Iko wapi?

Demani
Nyumbani.

Tanga Moja
Wakuu turudi kwenye mada. Nimeitazama hiyo kamba tena. Fundo lenyewe si fundo, ni kama amefunga mfuko wa takataka. Mtu ana kofia yenye dhahabu hajui kufunga kitanzi. Na huyo ndiye wa kuniambia mimi nilidhani imetelekezwa.

Gati Namba Tano
Si ufungue tu?

Tanga Moja
Nikifungua ikaenda kwenye miamba nani atalaumiwa? Atasema nani? Atasema mimi.

Zinki
Usifungue. Ukimfungulia mtu chombo kikapotea ni kesi.

Mkuku Mzito
Fungua. Akirudi mwambie ulidhani imetelekezwa.

Bi Shetri
🙌🙌🙌 hapo ndipo penyewe

Robo Tatu
Kama mnalalamika na mimi nina langu. Tulinunua boti watu wanne. Kukwangua chini nakwangua peke yangu. Kupaka rangi peke yangu. Siku ya kusafiri tunakuwa kumi na moja. Na kuna mmoja kati yao, simtaji, aliruhusu mgeni wake atupe kitambaa chooni. Choo cha boti! Bomba lake jembamba kama mdomo wa chupa! Nimekifungua mimi, skurubu moja moja, uso nimegeuzia pembeni, na wakati huo yuko juu anauliza mbona hatuondoki.

Zinki
Hilo la choo ni zito kuliko la mleta uzi, samahani mkuu.

Gati Namba Tano
Naunga mkono. La choo lichukue uzi.

Robo Tatu
Sijamaliza. Pampu yake ina kishikio. Nilipofungua, aliyekuwa juu akakishika akasukuma "ili anisaidie".

Bi Shetri
Hapana. Hapana. HAPANA.

Tanga Moja
Pole yako, lakini hii ni mada yangu. Halafu kuna jambo: ule mti na ule mnara wa nchi kavu asubuhi vilikuwa vimepangana mstari mmoja nikivitazama toka nilipo. Sasa vimeachana.

Usingizi wa Mang'amung'amu
Kwa kuwa mmefungua milango: jirani yangu gatini hajawahi kuzifunga henza zake vizuri, zile kamba za kupandishia tanga. Mlingoti wa alumini, upepo kidogo tu, ting ting ting ting. Saa tisa za usiku. Nimehesabu mia nne nikaacha kwa sababu nilianza kuusikia kama wimbo. Anakuja mara moja kwa mwezi, analala nyumbani kwake.

Demani
Wa kwangu zinagonga mbili, hazipatani hata mapigo.

Pima Kwanza
Zivute mbali na mlingoti kwa kipande cha kamba, funga kwenye waya wa pembeni. Dakika moja.

Usingizi wa Mang'amung'amu
Nimefanya. Nilipanda kwake usiku nikazifunga. Asubuhi akaja akanilalamikia kwamba nimepanda chomboni mwake bila ruhusa.

Mkuku Mzito
Ungemwambia ulidhani imetelekezwa.

Tanga Moja
Jamani tunasogea. Asilimia 3.

Robo Tatu
Nani amewahi kubadilisha pampu ya choo ya kushoto ikawa ya kulia? Nataka kile kishikio kisifikiwe na mtu aliye juu.

Zinki
Inawezekana, ila angalia bomba lisitengeneze goti, uchafu utaganda hapo hapo.

Injini Mbili
Samahani kuingilia. Kuna mtu anamjua mwenye zile boti mbili zinazopita hapa nje ya gati? Kubwa ina muziki, ndogo ya tanga iko mbele inaburuta nanga. Kubwa haina mtu. Na hiyo ndogo nayo inaonekana imetele… ngoja, kuna mtu ananipungia.

Usingizi wa Mang'amung'amu
Ting ting ting. Zimeanza tena.

Robo Tatu
Goti la digrii ngapi, mkuu Zinki?