Polisi, bangi na muda wetu: wana Dodoma na Kanda ya Kati, tupeane uzoefu

Kizota Kwetu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kibanda cha uwakala wa fedha huku Kizota. Mwezi wa nne, usiku wa kuamkia Jumatatu, walinivunjia. Walikata kufuli mbili, wakabeba simu 6 za wateja nilizokuwa nachaji pamoja na fedha niliyokuwa nimeificha chini ya friji. Saa 12 asubuhi nilikuwa kituoni. Nikaandikisha maelezo, nikapewa RB, ile namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha kituo, nikaambiwa gari lipo ila mafuta hakuna, kama naweza nichangie ndipo waje kuona eneo la tukio. Nikakopa 30,000 kwa jirani nikatoa. Walifika saa 9 alasiri, wakatazama mlango, wakaandika, wakaondoka. Mpaka leo sijapigiwa simu.

Alhamisi ya wiki ile ile difenda, gari la doria la polisi, ikaja kijiweni, askari 7. Wakazoa vijana 6 waliokuwa wamekaa chini ya mwarobaini. Mmoja alikutwa na misokoto 2 kwenye soksi, wengine hawakukutwa na kitu. Wote wakapandishwa, na mdogo wangu ambaye ni fundi wa kuchomelea akiwemo. Alilala ndani siku mbili. Ukutani pale pameandikwa kwamba dhamana ni haki na haina malipo. Mimi nililipa.

Sisemi bangi ni kitu kizuri. Ninachouliza ni kama misokoto 2 ilistahili gari, askari 7 na siku mbili za mahabusu kwa watu 6, wakati aliyenivunjia hatafutwi. Eleza yaliyokukuta mwenyewe au yaliyotokea nyumbani kwako. Ya kusikia tuyaache.

Boda wa Majengo

Mimi mwaka juzi usiku, nimetoka kumshusha abiria Chang'ombe. Nikasimamishwa, nikapekuliwa, zikatoka kete 3 za bangi kwenye mfuko wa koti langu. Sivuti hata sigara. Nikaambiwa nichague, kituoni au tumalizane hapo. Nikatoa 50,000, hesabu ya tajiri ya siku tano. Tangu siku hiyo, kabla sijatoa pikipiki usiku, natoa mifuko yote nje.

Mama Ipagala

Wanangu, mimi naongea kama mzazi, na sitakubaliana na wote hapa.

Kijana wangu wa pili alianza akiwa kidato cha tatu. Nilijua kwa harufu ya shati nilipokuwa nafua. Nikamfokea, baba yake akamchapa, mchungaji akamwombea. Alipomaliza kidato cha nne akaanza kukaa macho usiku kucha. Anazungumza peke yake. Anasema majirani wanamsema kupitia redio, redio yenyewe imezimwa. Siku moja akamkaba mdogo wake wa kike kwa sababu alisikia sauti ikimwambia mtoto ametumwa.

Nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwambia, niitie polisi wamchukue mwanangu. Ninawaambia hili ili mjue kuna mama ambaye amewahi kuliomba gari hilo mnalolilaumu. Wakaja, wakamchukua. Akakaa ndani siku tatu, nikipeleka chakula anakirudisha. Siku ya tatu askari mmoja mwanamke, mtu mzima, akaniita pembeni. Akasema, "Mama, huyu si wa mahabusu. Akipelekwa mahakamani atafungwa na atarudi kwako mbaya zaidi. Mpeleke Mirembe."

Nikampeleka. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1927, sisi watu wa Dodoma tumekua tukitishiana kwa jina hilo utotoni, na aibu hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Daktari alinieleza kwa utulivu sana. Alisema si kila anayevuta anaumwa, ila wapo ambao akili zao tayari zina ufa, hasa kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua, na bangi ikianzwa mapema, ubongo ukiwa bado unakua, inaupanua ule ufa. Kwetu yupo, mjomba wangu. Nikauliza kama kuna dawa ya kumwachisha, kwa sababu nilisikia wale wa kituo cha waraibu cha Itega wanakunywa dawa kila siku. Akasema hiyo ni methadoni, ni ya watu wa heroini, bangi haina dawa ya kuchukua nafasi yake. Ni kuongea naye, kumpa shughuli, na kutibu yale maradhi ya akili yenyewe. Mwanangu sasa anachomwa sindano kila mwezi, anafyatua tofali na baba yake. Hajapona kabisa lakini anacheka.

Sasa kinachoniumiza. Nyumba aliyokuwa ananunua naijua. Watoto wa shule ya msingi wanaijua. Bado inauza. Mwanangu alikaa ndani siku tatu, muuzaji hata usiku mmoja hajalala huko.

Mzee wa Lindo

Nimelitumikia jeshi la polisi miaka mingi, sasa niko shambani na zabibu zangu. Nitaeleza jinsi kazi ilivyo, maana wengi mnaona gari tu.

Ukimkamata mtu na kete moja, karatasi zake ni zile zile za mwenye gunia. Lazima upekue mbele ya shahidi huru, mara nyingi mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Ujaze hati ya ukamataji, wote wasaini. Kielelezo kifungwe, kipigwe lakiri, kiandikishwe kwa mtunza vielelezo. Kisha kipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sababu mahakama haiwezi kusema haya ni majani ya bangi kwa kuambiwa na mimi. Taarifa irudi, jalada liende kwa waendesha mashtaka, mashahidi waitwe. Kila mkono uliogusa ile bahasha uandikwe. Mkono mmoja ukikosekana kwenye maandishi, wakili anasimama anasema mnyororo umekatika, na mshtakiwa anakwenda nyumbani. Nimeona kesi za magunia zikifa hivyo kwenye rufaa, baada ya kazi ya miaka.

Mimi binafsi nilihamishiwa Singida nikiwa na kesi ya misokoto 4 hapa Dodoma. Nilirudi mara nne kutoa ushahidi. Mara tatu iliahirishwa. Nauli, posho, siku za kazi, lindo langu kule likiwa na pengo. Kwa misokoto 4.

Kwa nini tulifanya? Nitasema ukweli kwa sababu sina cha kupoteza. Mwizi wa kibanda chako, Kizota, hana jina. Umtafute wiki tatu na huenda usimpate. Kijana wa kijiweni yuko pale pale kila jioni, na mwisho wa mwezi mkubwa wako anataka idadi ya waliokamatwa. Kijana mmoja anahesabika sawa na jambazi mmoja kwenye karatasi ile.

Lakini msije mkasema kazi yote haina maana. Usiku mmoja kwenye kizuizi cha barabarani tulisimamisha lori la vitunguu. Dereva alikuwa anajibu haraka mno. Tukashusha gunia moja moja mpaka karibu na alfajiri, na chini kabisa viroba 11, bangi iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama tofali. Mzigo ule ungegawanywa kete, ungefika kwenye shule ngapi? Usiku huo sijutii hata dakika moja yake.

Kuhusu sheria, inayotumika ni ile ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya ya 2015, ikarekebishwa 2017, mwaka ule ule Mamlaka ya kupambana na dawa hizo ilipoanza kazi. Adhabu ya kusafirisha ni miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa ni kifungo cha maisha. Na neno kusafirisha kwenye sheria lina tumbo kubwa, linabeba kuuza, kugawa na kuhifadhi. Kuna watu wako ndani kwa kusafirisha na hawakuwahi kupanda basi. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wasikubali kuwekewa "kifurushi cha rafiki" chumbani.

Mchungaji wa Chamwino (wa ng'ombe, si wa kanisa)

Mbukwenyi.

Kijijini kwetu kulikuwa na mzee mmoja, jirani wa baba. Nyuma ya zizi alikuwa na miche ya bangi, labda 9 au 10. Alikuwa anawapa kuku mbegu zake kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinapoingia. Alifundishwa na wazee wake. Mtaalamu wa mifugo alishamwambia kwamba kideri hakina tiba ni chanjo tu, akasikia, ila miche hakuing'oa. Mwezi wa pili gari likaja kutoka mjini, likamchukua pamoja na miche. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Alikaa mahabusu miezi, tulikuwa tunamfuata kwa zamu na uji wa uwele. Mashtaka yalipofutwa akarudi hawezi kutembea vizuri, na msimu wa kilimo ukawa umempita. Mwaka ule mtama wake tulimpalilia sisi, na haukuzaa.

Mwezi wa tatu mwaka huo huo ng'ombe 7 wa baba waliibwa. Tukapiga simu usiku ule ule. Wakaja baada ya siku tatu. Sisi tulishafuata nyayo mpaka mpakani mwa wilaya, mvua ikanyesha, nyayo zikafutika. Ng'ombe 7 ni ada ya shule, ni mahari ya kaka yangu, ni dawa ya mama. Sina zaidi.

Mwalimu Nkuhungu

Nawasoma wote kwa heshima, lakini mnasahau kitu kimoja. Hofu inafanya kazi.

Nyuma ya uzio wa shule ninayofundisha kulikuwa na kibanda cha karanga. Wanafunzi walikuwa wanarudi kutoka mapumziko macho mekundu, wamelegea, kipindi cha hesabu wanalala. Tukamwomba polisi kata apite saa 4 na saa 8, hakuna zaidi ya kupita kwa miguu. Wiki mbili kibanda kikafungwa. Alipohamishwa na nafasi yake ikakaa wazi, mwezi haukuisha kibanda kikarudi. Nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Kwa hiyo mnaposema askari waachane na bangi, mimi naona watoto wangu wa kidato cha pili. Mzee wa Lindo, shikamoo, wewe unajua askari mmoja anayetembea kwa miguu anagharimu nini ukilinganisha na difenda?

Mzee wa Lindo

Marahaba, mwalimu. Anagharimu buti. Na huyo hakukamata mtu, ndiyo maana hakuna aliyemhesabu, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumhamisha.

Mgogo wa Joburg

Nipo Afrika Kusini mwaka wa tisa. Mahakama ya Katiba huku mwezi wa tisa 2018 iliamua kwamba mtu mzima akivuta au akiotesha kwa matumizi yake mwenyewe, faraghani, si kosa. Kuuza kumebaki kosa. Kabla ya hapo, kwenye jengo ninaloishi polisi walikuwa wanakuja kila mwisho wa wiki kunusa milango. Siku hizi hawaji kwa sababu hiyo. Je, wezi wamepungua? Hapana, juzi tu nimeibiwa betri ya gari. Muda uliookolewa hauendi wenyewe kwa mwizi, lazima mtu aamue uende huko. Ila vijana wa mtaani kwangu hawakosi tena kazi kwa sababu ya doa la msokoto mmoja kwenye kumbukumbu za polisi.

Kizota Kwetu

Nimesoma mara mbili. Mwalimu, nimekubali la polisi wa miguu, sikuwa nimelifikiria. Mzee wangu wa Lindo, asante kwa kutoficha. Mwaka 2023 wakati ile tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande inakusanya maoni, nilidhani mambo ya kubambikiwa kesi ni ya watu wengine. Boda wa Majengo, pole sana.

Msimamo wangu sasa ni huu. Gari na mafuta viende kwenye lori la vitunguu na kwenye ile nyumba anayoijua Mama Ipagala. Mwenye msokoto mmoja aandikwe jina, mzazi wake aitwe kwa mwenyekiti wa mtaa, arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na RB yangu mtu aifungue.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo, na naona nikiliacha sitakuwa nimewatendea haki. Mdogo wangu siku ile hakukutwa na kitu, hiyo ni kweli. Lakini anavuta. Najua tangu mwaka jana. Nilikuwa najiambia ni mambo ya ujana, anafanya kazi, hasumbui mtu. Tangu atoke mahabusu amebadilika, hali chakula, halali vizuri, juzi ameniuliza mara tatu kama kuna mtu ananipigia simu kumhusu. Mama Ipagala, ulipoandika habari ya redio nilishindwa kuendelea kusoma. Mama yetu alishafariki, nipo mimi tu. Naanzia wapi?

Mama Ipagala

Mwanangu, usimfokee. Mimi nilifokea miaka miwili, haikunisaidia. Usimwambie unampeleka hospitali ya vichaa, neno hilo usilitamke kabisa. Mwambie halali vizuri na unataka apate usingizi, maana ni kweli halali. Zile ndoto au sauti akikueleza, usibishane nazo, na usizikubali pia. Msikilize tu, halafu mpe chakula.

Jumanne ijayo nipo kliniki na kijana wangu, sindano yake inaangukia siku hiyo. Huwa tunafika saa 1 asubuhi kuwahi foleni. Njoo naye. Kama hataki kuingia, akae nje kwenye benchi na mwanangu, wataongea wenyewe, yeye amepita huko. Nitumie ujumbe pembeni nikupe namba yangu. Kesi yake ni lini?

Kizota Kwetu

Jumatano, mama. Jumanne tutakuja.